Kabla Jina Halijasomwa Mbele ya Kanisa

Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Tanzania wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Kwa miongo mingi mimba ilikuwa ndiyo tamati ya masomo katika shule ya serikali, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi darasani. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994. Tangazo la 2021 wengine walilishangilia, wengine walilinung'unikia, lakini liliacha swali moja ambalo si kazi ya serikali kulijibu: binti huyo akisharudi darasani Jumatatu, Jumapili anakaa wapi kanisani?

Katika sharika nyingi za Afrika Mashariki jibu linajulikana kabla swali halijaulizwa. Jina lake husomwa wakati wa matangazo, kati ya mnada wa mavuno na ratiba ya ibada za jumuiya, na mzee wa kanisa anayelisoma hushusha sauti kidogo, jambo linalowafanya waumini wote wainue vichwa. Kuanzia hapo ametengwa. Hashiriki meza ya Bwana. Kwenye kwaya ya vijana haonekani tena. Sare yake, aliyoilipia kwa kudunduliza, imekunjwa na kurudishwa kwa mwalimu wa kwaya. Baada ya miezi kadhaa anaitwa mbele, mtoto mgongoni, aungame na kurudishwa kundini. Na kijana aliyempa mimba? Mara nyingi yupo pale pale, safu ya nyuma, anaimba besi. Hakutajwa kwa kuwa yeye hana tumbo la kuonekana.

Haitoshi kuwalaumu wazee kwamba wana roho mbaya. Wengi wao wanaipenda imani yao na wanaogopa kwa dhati kwamba dhambi isipokemewa itaota mizizi. Wengi wamelelewa katika utaratibu huo huo na hawajawahi kuonyeshwa mwingine. Lakini mwingine upo, na umeandikwa katika kitabu kile kile wanachokibeba kila Jumapili.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Injili ya Yohana sura ya 8, mwanamke aliyefumaniwa. Walawi 20:10 inasema wazi kwamba katika uzinzi wote wawili wana hatia na adhabu yao ni moja. Waliomburura yule mwanamke hadi hekaluni walisema wamemkamata katika tendo lenyewe, maana yake mwanamume walimwona. Hawakumleta. Walikuja na nusu ya sheria mkononi, kama wanavyofanya wazee wanaosoma jina la binti peke yake. Jambo la pili katika kisa hicho ni mpangilio wa mambo. Yesu kwanza aliwazuia wenye mawe. Kisha akasubiri mpaka wakaondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Ndipo akazungumza na mwanamke, na mwishoni kabisa akamwambia aache dhambi. Onyo lilikuwepo. Lilitolewa wakati washitaki hawapo tena, na lilitoka kwa mtu aliyekwisha kumwokoa na kifo.

Hofu kwamba huruma ya namna hiyo italeta ulegevu si ya jana. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyefariki mwaka 430, aliona kwamba kisa hiki hakimo katika baadhi ya nakala za Injili. Maelezo yake ni kwamba watu wenye imani haba walikifuta wakiogopa wake zao wasije wakadhani wameruhusiwa kuzini. Wataalamu wa leo wanaeleza historia ya nakala hizo kwa njia nyingine, lakini hofu aliyoitaja Augustino ingali hai katika vikao vya baraza la wazee. Kila anapotokea mtu akasema binti aachwe aimbe, mwingine hujibu kwamba wenzake watajifunza nini.

Basi kwanza ieleweke kwamba rehema haimfungi mtu mdomo. Mfano ni Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka 1919 kusini-magharibi mwa Uganda, akaokoka katika ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Aliwahi kuwa mwalimu Dodoma kabla ya kurudi kwao na hatimaye kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Watu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kukutana na kila mmoja kuanza na dhambi zake, si za jirani. (Wapo waliokengeuka, wakaanza kuwahukumu wote wasioungama kama wao, kwa maana hata uamsho wa toba unaweza kugeuka mahakama.) Kivengere mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alipanda baiskeli akaenda mbali sana kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia.

Mwezi Februari 1973 watawala wa Uganda waliwaleta vijana watatu katika uwanja wa Kabale wapigwe risasi mbele ya umati, na Kivengere akawasogelea kuzungumza nao dakika zao za mwisho. Mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Kianglikana walioandika barua ya kupinga mauaji na vitisho vya serikali ya Idi Amin. Tarehe 16 Februari mwaka huo Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, alikamatwa na kuuawa; serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe wakavuka mpaka kwa miguu, milimani, kuingia Rwanda. Kabla mwaka haujaisha alichapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin hana hatia, wala hakuomba barua ile irudishwe. Alisema mauaji ni mauaji, na alikataa kumchukia muuaji. Mambo hayo mawili alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu siku ile ya baiskeli, katika ugomvi mdogo usiojulikana na mtu. Anayetaka kujifunza rehema anaweza kuanzia hapo hapo: kwa yule mama wa idara ya wanawake ambaye hawajasalimiana tangu harusi ya mwaka juzi, kwa yule mzee aliyemkatalia mkopo wa kikundi.

Utaratibu wenyewe umo katika Mathayo sura ya 18, na ni vema usomwe wote kwa kikao kimoja, aya zote 35, kwa sababu makanisa mengi huchomoa vipande. Sura hiyo inaanza na watoto na onyo kali kwa anayewakosesha. Inafuata habari ya kondoo mmoja aliyepotea. Ndipo zinakuja hatua za kumwonya ndugu aliyekosa: nenda kwake peke yako, asiposikia, nenda na mmoja au wawili, asipowasikia hao, ndipo kanisa lijulishwe. Petro anauliza asamehe mara ngapi, na sura inafungwa kwa mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni akamkaba mwenzake koo.

Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa kuliko zote. Leo habari ya binti huanzia bombani au saluni, ikaingia kundi la WhatsApp la jumuiya ikiwa imefichwa ndani ya ombi la sala ("tumwombee dada yetu mmoja, Mungu anajua"), na siku mzee anapopiga hodi kwa wazazi wake, mtaa mzima umeshatoa hukumu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na methali hiyo imeangamiza watu wengi wasio na kosa. Muumini anayeletewa habari ya namna hiyo ana swali moja la kumuuliza aliyeileta: umeshazungumza naye mwenyewe? Kama hajazungumza, habari iishie hapo, na ombi la sala lifanyike kimya kimya chumbani. Kiongozi wa kundi la simu anaweza kuweka kanuni, na kuisimamia, kwamba hakuna ombi la sala juu ya mtu litakalotumwa pasipo ridhaa yake.

Anayekwenda kuonya naye ajiandae. Kabla hajatoka nyumbani atenganishe alichokiona kwa macho na alichokisikia, na akikuta yote ni ya kusikia, basi anakwenda kuuliza tu, hajafika mahali pa kuonya. Kwa msichana waende akina mama wawili wanaoaminika, si baraza zima la wanaume kumi wakiwa wamevaa makoti. Wasiende Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uani wakitazama nani anaingia wapi. Waanze kwa kumuuliza hali: amekula, ameshaanza kliniki, anaishi wapi tangu baba yake ajue. Mara nyingine kinachogundulika ni kwamba mimba haikutokana na penzi hata kidogo, na aliyetakiwa kuitwa na wazee, na pia na polisi, ni mtu mzima anayeheshimika. Kusanyiko lililokwisha kumtenga msichana kama huyo limemwadhibu aliyeumizwa.

Kwa sababu hiyo pia, kijana husika atafutwe kabla jina lolote halijasomwa. Baraza linaweza kuweka kanuni rahisi: au wote wawili wanashughulikiwa, au hakuna anayetangazwa. Kanuni hiyo peke yake ingebadilisha Jumapili nyingi.

Mfano unaofunga Mathayo 18 unastahili kupigiwa hesabu, kwa maana Yesu alitaja tarakimu kwa makusudi. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta 10,000, wa pili dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta ilihesabiwa kuwa dinari 6,000 hivi. Deni la kwanza basi ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, asiyekula wala kuvaa, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza. Deni la pili ni ujira wa siku 100.

Wahubiri wengi hukimbilia kusema deni la pili ni dogo. Si dogo. Siku 100 za kibarua ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho, na aliyedhulumiwa kiasi hicho, awe mama lishe au fundi ujenzi, anajua watoto walilala njaa siku ngapi. Mfano hauwaambii watu wajifanye hawakuumizwa. Mtu anayesamehe kwa kusema "ah, haikuwa kitu" bado hajasamehe, maana hajalitaja deni. Wachungaji wanaoshauri wanandoa au ndugu waliogombea shamba wangefanya vema kumpa aliyeumizwa nafasi ya kusema hasara yake yote, kwa shilingi kama ni shilingi, kwa miaka kama ni miaka, kabla hawajamwomba afute.

Hapo ndipo panapoingia jambo linalowachafulia rehema jina. Mwanamke anakuja kwa mchungaji na jicho limevimba, anaambiwa asamehe na arudi nyumbani akapike. Mtoto anamtaja mwalimu wa shule ya Jumapili, na viongozi wanakubaliana "tulimalize ndani". Wanadhani wanaonyesha huruma. Sura ile ile ya 18, aya ya 6, inasema kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni akatoswe baharini. Ni maneno makali kuliko yote katika sura hiyo, na yametangulia msamaha wa sabini mara saba, hayakufutwa nao. Mtoto aliyeumizwa anapelekwa hospitali na taarifa inafika polisi au ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, hata kama mtuhumiwa ametubu kwa machozi madhabahuni. Mke aliyepigwa anatafutiwa pa kulala penye usalama kwanza. Mume anaweza kutembelewa, kuombewa, kuhudumiwa hata gerezani, na hiyo ni rehema kweli kweli. Lakini ufunguo wa nyumba harudishiwi kwa sababu amelia. Mwekahazina aliyekula michango anaweza kusamehewa kabisa, akashiriki meza ya Bwana, na asikabidhiwe tena kasha la sadaka. Kusamehe ni jambo moja. Kumrudishia mtu dhamana aliyoivunja ni jambo jingine, na hili huchukua miaka, pengine lisitokee.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana: adhabu ya kanisa isiyo na mwisho. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 5, Paulo aliagiza mtu aliyekuwa na mke wa baba yake atengwe. Wenye msimamo mkali hulisoma hilo mara nyingi. Katika waraka wa pili, sura ya 2, anaandika juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, ambaye wasomaji wengi tangu zamani wamedhani ndiye yule yule, na anasema adhabu hiyo yatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Paulo aliona hatari pande zote mbili.

Ni sharika ngapi zenye waumini waliotengwa miaka, hakuna anayekumbuka kwa nini? Mzee aliyesimamia jambo amehama, kitabu cha kumbukumbu kiko kabatini, na mtu mwenyewe anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, au amehamia kanisa la jirani ambako hakuna anayemjua. Hapa dawa ni ya kiofisi kabisa. Baraza likiamua kumweka mtu chini ya marudi, muhtasari wa siku hiyo uandike mambo manne: kosa ni lipi, hadi lini, nani atamtembelea katika kipindi hicho, na kikao gani kitapokea taarifa ya kumrudisha. Kama nafasi ya mtembeleaji haijajazwa jina, uamuzi usipitishwe. Mtembeleaji naye ana kazi moja kuu: kufika kila baada ya wiki mbili hivi, kukaa, kunywa chai, kuuliza watoto, na kuhakikisha mtu huyo anajua tarehe yake ya kurudi. Kanisa lenye mabaraza ya zamani linaweza kufungua kabati hilo mwaka huu, kutoa majina yote ya nyuma, na kupeleka watu kwenye milango hiyo kabla ya Pasaka.

Siku ya kumrudisha mtu, isiwe mateso mengine. Kuungama mbele ya kusanyiko kuna thamani yake pale ambapo kosa lilikuwa la hadharani, kama vile kiongozi aliyewadanganya waumini wote. Kwa binti wa miaka 17, kumsimamisha mbele ni kuwapa watu cha kuzungumza njiani. Mchungaji anaweza kumpokea ofisini, wakasali, na Jumapili ifuatayo akaonekana tu kwenye mstari wa sauti ya kwanza na sare yake mwilini. Kama kuna sababu ya kusema neno mbele ya watu, liwe fupi, na watakaosimama naye wawe wengi: wazazi, mwalimu wa kwaya, akina mama wale wawili.

Limebaki jambo la mazishi, ambalo ndilo huumiza familia kuliko yote kwa sababu halirudiwi. Jumuiya inakaa kikao, inafungua daftari, inagundua marehemu hakuhudhuria sala za nyumba kwa nyumba wala hakulipa michango, na inapendekeza asizikwe kwa ibada. Wanaoadhibiwa hapo ni mjane na watoto; aliyedaiwa hasikii. Ukali zaidi hutokea pale mtu amejiua. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1983, inayotumika hadi leo, haina tena kifungu hicho, na Katekisimu ya mwaka 1992 inakiri kwamba msukosuko mkubwa wa akili au hofu kali huweza kupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba kanisa linamwombea. Bado wapo viongozi wa jumuiya wanaozuia ibada kwa kufuata kanuni iliyoondolewa zaidi ya miaka 40 iliyopita, kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwa babu zao. Yeyote anayeambiwa kanisa halitazika anayo haki ya kwenda moja kwa moja kwa paroko au mchungaji na kuuliza kanuni hiyo imeandikwa wapi.

Wakati majibu yanasubiriwa, jumuiya iende msibani. Wafike jioni ile ile, turubai lifungwe, maji yachotwe, unga na sukari vifike jikoni bila mtu kuuliza marehemu alikuwa na bahasha au hakuwa nayo. Mahubiri yasizungumzie jinsi alivyokufa. Familia inajua tayari, na watoto wake wanasikiliza. Mwenyekiti asiyejua aseme nini kwa mjane anaweza kumuuliza mambo mawili tu: ibada angependa ianze saa ngapi, na nani asome wasifu.